Vijidudu Huzungumza, Je, Sisi Wataalamu Tunazungumza?

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi, alilazwa mama mmoja mtu mzima mwenye kisukari na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Kilikuwa kile ambacho wazee wetu hukiita kidonda ndugu, yaani kidonda kinachoambatana na mtu mwezi baada ya mwezi kana kwamba ni jamaa yake wa damu. Tulichukua usaha tukaupeleka maabara ukaoteshwe. Majibu yalirudi yakitaja bakteria aliyepatikana na dawa zinazomuua. Tulimpa mgonjwa mojawapo ya dawa hizo, kwa kipimo sahihi na kwa siku zote zilizopangwa. Kidonda kikabaki vile vile.

Asubuhi moja, wakati wa kubadilishwa gozi, aliniuliza: "Mwanangu, mlisema dawa hii inawaua hawa wadudu. Sasa mbona hawafi?" Nilimjibu kwamba sukari yake iko juu na damu haifiki vizuri mguuni. Nilisema kweli, lakini sikujibu swali lake. Yeye aliuliza habari za wadudu, mimi nikamweleza habari za mwili wake. Hatimaye kidole chake kimoja cha mguu kilikatwa. Alirudi nyumbani bila jibu, nami nikabaki na swali lake.

Ninaandika makala haya kutetea hoja moja. Swali la mama yule lina jibu, lakini jibu hilo halimo ndani ya fani moja peke yake. Vyuo vyetu vikuu vya afya havitalitumia jibu hilo kwa manufaa ya wagonjwa mpaka viwe na programu za utafiti ambamo mwanabiolojia, mkemia, mwanahisabati, mhandisi, daktari na muuguzi wa vidonda wanakaa meza moja tangu siku ya kwanza.

Akidi ya vijidudu

Kwa muda mrefu tulifundishwa kumwona bakteria kuwa kiumbe mpweke: anakula, anakua, anajigawa, basi. Mwaka 1965 Alexander Tomasz alieleza kwamba bakteria wa nimonia hutoa kitu kinachofanya kazi mfano wa homoni, kikiwafanya wenzao wawe tayari kupokea vinasaba kutoka nje. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walichapisha habari za bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Wakiwa wachache katika chupa ya maabara, bakteria hao hawakuwaka. Walipoongezeka hadi kufikia wingi fulani, waliwaka wote kwa pamoja. Kemikali waliyokuwa wakiitoa wenyewe ilikuwa ikijilimbikiza majini, na ilipofika kiwango maalumu iliwasha vinasaba vya mwanga.

Mwaka 1994 wanasayansi watatu wa Marekani, Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg, waliupa mwenendo huo jina linalotokana na neno la vikao, nalo kwa Kiswahili tunalo: akidi. Mkutano wa kijiji haupitishi azimio mpaka idadi ya wajumbe itimie. Bakteria naye hutoa molekuli ndogo ya kuashiria uwepo wake. Wakiwa wachache, molekuli hizo hutawanyika na kupotea. Wakiwa wengi, hujaa, hurudi na kushika vipokezi vyao, na kundi zima hubadili mwenendo kwa wakati mmoja. Tunaposema kwamba vijidudu "huzungumza" tunatumia sitiari, kwa maana bakteria hana nia wala fikra. Lakini matokeo ya mazungumzo hayo si sitiari. Tunayaona kwa macho wodini.

Chukua mfano wa Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayefahamika sana kwa wauguzi wa vidonda na wa majeraha ya moto. Akidi inapotimia, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama na kemikali zinazoua chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana naye. Hutoa pia rangi inayoupa usaha wake ukijani, na molekuli yenye harufu tamu kama ya zabibu. Rangi hiyo na harufu hiyo vyote viko chini ya mfumo wa akidi. Kwa hiyo muuguzi anayefungua gozi, akanusa, akasema, "Hapa pana Pseudomonas," amenusa matokeo ya mazungumzo ya bakteria kabla maabara haijapokea chochote.

Pamoja na hayo, bakteria hao hujenga utando: kundi lililojikinga ndani ya ute mzito wa sukari, protini na vinasaba vilivyomwagika. Ndani ya utando huo dawa hupenya kwa shida, na bakteria wa ndani kabisa huwa wamepunguza shughuli zao kiasi kwamba dawa nyingi, ambazo hushambulia seli zinazokua, hazina cha kushika. Bakteria walio ndani ya utando waweza kustahimili dawa hata mara elfu moja kuliko wale wanaoelea mmoja mmoja. Na kipimo chetu cha kawaida cha maabara humpima bakteria anayeelea.

Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa mama yule: "Mama, maabara ilisema kweli. Dawa inawaua wakiwa mmoja mmoja. Mguuni mwako hawako mmoja mmoja, wamejenga mji wenye kuta."

Msomaji asiye mtaalamu anaweza kuuelewa utando kwa kutazama ukoga wa meno. Ukoga ni utando wa bakteria. Hakuna anayemeza vidonge ili kuuondoa. Tunausugua kwa mswaki kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo muuguzi hukisafisha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa hata kama mgonjwa anatumia dawa. Kazi ile inavunja kuta ili dawa ipite.

Waliogundua hawakuwa wa fani moja

Tazama sasa ni nani waliotufikisha hapa. Walioanza walikuwa watafiti wa mwanga wa viumbe wa baharini, watu ambao hawakuwa wakitafuta tiba ya kidonda chochote. Mwaka 1981 wakemia ndio waliobaini umbo la molekuli waliyokuwa wakiitumia bakteria wale wenye mwanga. Mwaka 1998 David Davies na wenzake walionyesha kwamba Pseudomonas asiyeweza kutengeneza molekuli yake ya mawasiliano hujenga utando bapa na dhaifu, unaosambaratika kwa sabuni. Utafiti huo uliwakutanisha wataalamu wa vinasaba na wale wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, ambako utando wa bakteria ulikuwa ukichunguzwa katika kituo cha uhandisi. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Princeton, maabara ya Bonnie Bassler ilishirikiana na ile ya Frederick Hughson, mtaalamu wa maumbo ya protini, wakagundua kwamba molekuli moja ya mawasiliano ya bakteria ina elementi ya boroni ndani yake. Mwanabiolojia peke yake asingeliona hilo, wala mtaalamu wa maumbo asingejua pa kutafuta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ushirika wa namna hii unaweza kupangwa na chuo badala ya kuachwa utokee kwa bahati. Mfano ninaoupenda ni wa Jena, mji usio mkubwa wa mashariki ya Ujerumani. Mji huo una historia yake. Carl Zeiss alifungua karakana yake hapo mwaka 1846 akiwa fundi. Baadaye alijiunga naye Ernst Abbe, mwanafizikia, kisha Otto Schott, mkemia wa vioo. Fundi, mwanafizikia na mkemia walitengeneza kwa pamoja hadubini ambazo hakuna mmoja wao angeweza kuzitengeneza peke yake. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882, alitumia hadubini za Zeiss. Ni Koch huyo huyo aliyefanya utafiti wa malaria Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898.

Katika mji huo, mwaka 2007, ilianzishwa Shule ya Mawasiliano ya Vijiumbe ya Jena. Ndani yake Chuo Kikuu cha Friedrich Schiller na taasisi za utafiti za jirani, zikiwamo Taasisi ya Leibniz inayochunguza bidhaa asilia na biolojia ya maambukizi na Taasisi ya Max Planck ya ikolojia ya kikemia, zililea wanafunzi wa uzamivu chini ya mwavuli mmoja. Mada iliyowaunganisha ilikuwa moja: vijiumbe huwasilianaje, wao kwa wao na kwa mwenyeji wao, awe mmea, mnyama au binadamu?

Mwaka 2009 watafiti wa Jena walionyesha kwamba kuvu wa jamii ya Aspergillus, anapoguswa kwa karibu na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces, huanza kutengeneza kemikali ambazo vinasaba vyake vilikuwa vimenyamaza alipooteshwa peke yake. Fundisho lake ni kubwa. Chombo cha maabara chenye kijidudu mmoja tu hutunyima nusu ya habari, kwa sababu vinasaba vingi hufunguka pale tu jirani anapobisha hodi. Mwaka 2016 timu za London na Jena zilieleza sumu inayotolewa na Candida albicans, fangasi anayewasumbua wanawake wengi ukeni na wagonjwa wengi kinywani, wakati anapobadilika umbo kuwa nyuzi na kupenya ngozi laini. Ugunduzi huo ulihitaji watu wa kinywa, watu wa fangasi na watu wa kemia ya protini.

Mbona bado hatuna dawa?

Mtu mwenye busara atauliza: ikiwa tunajua yote haya, dawa ya kuwanyamazisha vijidudu iko wapi? Ni swali la haki. Zaidi ya miaka hamsini tangu 1970, hakuna dawa ya kuzuia akidi ambayo daktari wa wodi huiandika kwa kawaida. Mimi ninaona kwamba sababu za kukwama huko ndizo zinazonipa nguvu ya kusisitiza hoja yangu.

Kwanza, katika bahari ya Australia kuna mwani mwekundu uitwao Delisea pulchra, ambao hujikinga na utando wa bakteria kwa kemikali zinazovuruga mawasiliano yao. Watafiti walizichunguza kemikali hizo wakatengeneza nyingine za mfano wake, na baadhi zilileta matumaini katika panya. Lakini sumu yake imezuia zisifike kwa binadamu.

Pili, katika makohozi ya wagonjwa wa ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, mara nyingi hupatikana Pseudomonas ambao kipokezi chao kikuu cha mawasiliano kimeharibika. Ni viziwi, lakini wanastawi, na baadhi yao hunufaika na kazi za wenzao bila kuchangia. Dawa ya kuziba sikio haimdhuru aliyekwisha kuwa kiziwi. Habari hiyo ilipatikana kwa wagonjwa wenyewe.

Tatu, kipindupindu hufanya kinyume. Vibrio cholerae hushambulia wakiwa wachache. Akidi inapotimia huzima silaha zao na kuacha kujenga utando, tayari kutoka mwilini na kurudi majini. Kuwanyamazisha hao ni kuwaacha waendelee kushambulia. Pengine kinachofaa ni kuwapelekea ishara ya akidi mapema, waache vita kabla ya wakati. Hivyo hakuna kanuni moja kwa vijidudu wote, na anayejua ni kijidudu gani, katika kiungo gani, kwa mgonjwa gani, ni yule aliye karibu na kitanda.

Kwa maneno mengine, mazungumzo ya chupani si mazungumzo ya kidondani. Programu yoyote inayochunguza mawasiliano ya vijidudu bila kuwa na wodi ndani yake inasikiliza upande mmoja.

Ninachopendekeza

Ninajua pingamizi litakalokuja. Hospitali nyingi hazina gozi za kutosha, glavu hupungua, na maabara nyingi za wilaya haziwezi hata kuotesha usaha. Iweje tuzungumzie molekuli? Ninakubali kwamba gozi na maji safi vinatangulia, na sitaki shilingi ya gozi ihamishiwe popote. Lakini ukuta ulio kati ya idara na idara haukujengwa na umaskini. Kuufungua hakuhitaji fedha za kigeni. Bakteria wa 1970 walichunguzwa katika chupa za kuoteshea na kwa kifaa cha kupimia mwanga. Na hasara ya kukaa kimya ni kubwa: kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayechunguza maambukizi sugu awe na wasimamizi wawili kutoka vitivo viwili, mmoja wao akiwa mtu anayewaona wagonjwa. Pale ambapo chuo cha afya hakina wanahisabati wala wahandisi, chuo jirani kinao.

La pili, ujuzi wa muuguzi uhesabiwe kuwa ujuzi. Rangi ya usaha, harufu, utando unaorudi siku ya pili baada ya kusafishwa, yote hayo yaandikwe kwa utaratibu na kuingizwa katika takwimu za utafiti. Na makala itakapochapishwa, jina la muuguzi aliyeyaona liwepo miongoni mwa waandishi. Nimeona mara nyingi mno muuguzi akishukuriwa kwa sentensi moja mwishoni, kana kwamba alileta chai.

La tatu, bakteria wanaotoka katika vidonda vya wagonjwa wetu wahifadhiwe hapa kwetu, kwa ridhaa ya wagonjwa iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa. Tukiwa wakusanyaji tu wa sampuli zinazosafirishwa nje, tutapokea majibu ya maswali ya wengine. Mgonjwa naye aalikwe pale maswali yanapochaguliwa. Swali bora la utafiti nililowahi kusikia wodini liliulizwa na mama aliyekuwa amelala kitandani, mguu wake ukiwa juu ya mto.

Wakati tukisubiri

Yapo ambayo ujuzi huu unatufundisha tangu leo. Mpira wa mkojo ni mahali ambapo utando hupenda kujengwa, na kila siku unapokaa hatari huongezeka. Kwa hiyo mtumishi wa afya ajiulize kila asubuhi kama bado unahitajika, na mgonjwa au ndugu yake asione haya kuuliza, "Huu mpira utatolewa lini?" Kidonda kisafishwe ipasavyo, maana dawa haichukui nafasi ya kusafisha. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila siku, akimbilie kituo cha afya kidonda kikiwa kidogo, kabla akidi haijatimia. Meno yapigwe mswaki.

Nawe mgonjwa unayesoma, usiache dawa ya antibaiotiki uliyoandikiwa kwa sababu umesoma hapa kwamba utando huikinza. Dawa bado ina kazi yake, hasa dhidi ya bakteria wanaotoka katika utando na kuingia katika damu. Wala usinunue nyingine dukani kwa kukisia. Ukiona siku zinapita na kidonda hakibadiliki, rudi, uliza kama alivyouliza mama yule, na usitosheke na jibu la kitu usichouliza.

Mama yule nilikutana naye tena mara moja tu, katika kliniki ya kisukari. Kidonda kilikuwa kimefunga baada ya kukatwa kidole na kusafishwa kwa wiki nyingi na muuguzi yule yule mwenye subira. Nilikaa naye, nikamweleza habari za akidi na za utando, kwa kuchelewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe wanakaa kikao. Basi na ninyi kaeni."